Ukoo wa Macho Madogo

Vijana, mke wangu aliolewa na mkulima wa kahawa wa Nyakatuntu, na baada ya miaka michache akajikuta mke wa mkamata vipepeo. Ndugu zake wa Kaisho walipomuuliza shemeji yao anafanya kazi gani, alikuwa anajibu, "Yuko na watafiti," kisha anageuza mazungumzo haraka haraka. Simlaumu. Mtu mzima mwenye watoto wanne anatoka nyumbani asubuhi na wavu wa chandarua na ndoo ya ndizi zilizooza, utaanzia wapi kumweleza?

Sasa nimestaafu, na ninyi mnaoanza kazi hii mnakuja kwangu na simu zenu zinazopiga picha na kuandika mahali ulipo zenyewe, mnaniuliza sisi tulifanyaje. Nitawaambia, lakini msitegemee mpangilio. Mambo yananijia yanavyotaka yenyewe, na umri huu sina nguvu ya kugombana nayo.

Basi tuanze na ndizi. Kipepeo wetu, yule mdogo wa kahawia anayeruka chini chini ukingoni mwa msitu, hana shida na maua. Yeye ni mlevi, anataka tunda lililochacha. Nimeona watafiti wakija na ndizi nzuri za sokoni, zimeiva vizuri, wakakaa siku mbili bila kupata hata mmoja. Chukua embire, zile za pombe, uziponde na maganda yake, uzifunike kwenye ndoo siku tatu, halafu umwagie kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mtego utundike usawa wa goti. Ukiutundika usawa wa kichwa utakamata nzi tu. Na ukimshika kipepeo mbane kifuani kwa vidole viwili, mabawa yakiwa yamefumbwa. Ukimshika ncha ya bawa utabaki na unga mkononi, naye ataondoka amechanika.

Ndoo hiyo iliniletea aibu kanisani. Mzee mmoja wa usharika wetu alikuwa anapishana nami njiani saa moja asubuhi, nanuka rubisi kuanzia shati mpaka viatu. Jumapili moja akanivuta pembeni baada ya ibada.

"Baba Mugisha, nyumbani kuna jambo?"

"Hakuna, mzee."

"Kwa sababu tunaweza kuomba pamoja. Pombe ya asubuhi ni mzigo, mtu haubebi peke yake."

"Si yangu, mzee. Ni ya vipepeo."

Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena. Jumatano yake umoja wa wanawake wakaniombea kwa jina, mke wangu akiwa amekaa hapo hapo katikati yao. Hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Kuhusu nyasi, aliyenifundisha ni Mzee Rwiza, mfugaji wa Kaisho, na namkumbuka karibu kila siku. Darasani aliishia la tatu, lakini ukimletea jani kavu lililovunjika vipande alilitafuna kidogo, akakwambia ni nyasi gani na imeota upande gani wa kilima. Watafiti wa wakati ule, kabla ya huyu nitakayewaeleza, walikuwa wanataka kujua kwa nini nyasi ya aina moja inasimama mpaka kifuani kule bondeni, ilhali juu mlimani penye malisho imelala chini kama mkeka. Rwiza aliona hilo si swali la kuwatoa watu mbali.

"Ni ile ile," aliniambia. "Ya mlimani imenyimwa tu. Ilishe uone."

Watafiti wakafanya hivyo. Tulichimba vipande vya bondeni na vya mlimani, tukavipanda bustani moja pale kituoni kwetu Kiruruma, udongo mmoja, maji yale yale, samadi ile ile. Kazi ya kumwagilia ilikuwa yangu. Tukasubiri mvua mbili. Baadhi ya zile za mlimani zikainuka kweli, zikanifika kiunoni, na Rwiza akaanza kutembea kifua mbele. Lakini nyingine hazikuinuka. Unazitia samadi, zinanenepa, zinatambaa, haziinuki. Rwiza alisimama mbele ya hizo ameegemea fimbo.

"Hizi zimekataa," akasema mwishoni, na niliona imemuuma.

Mtafiti akamweleza taratibu. Kwa miaka mingi sana ng'ombe walikula nyasi zilizosimama kabla hazijatoa mbegu, zile zilizozaliwa na tabia ya kulala zikaponea chini ya midomo yao. Zilizopona ndizo zilizozaa, na watoto wakarithi kulala. Kwa hiyo ufupi mwingine ni wa njaa na unatibika, na mwingine uko ndani ya mbegu yenyewe. Rwiza akazinyooshea fimbo.

"Kwa hiyo waliozilaza ni ng'ombe wangu."

"Ndiyo, mzee. Wako na wa babu yako."

Kuanzia siku hiyo kila mgeni aliyefika alipelekwa bustanini kuonyeshwa "nyasi zangu nilizozilaza mwenyewe." Niliwahi kumsikia akimwambia hivyo mkaguzi wa elimu aliyekuwa amepotea njia tu. Amefariki, na bustani ile sasa ni shamba la maharage. Nikipita pale natamani nimsikie akibishana na mtu mwenye digrii.

Vipepeo nao ni swali lile lile. Kwenye bawa wana madoa ya duara, duara ndani ya duara, na nukta nyeupe katikati. Sisi tuliyaita macho. Wanaozaliwa wakati wa mvua wana macho makubwa. Wanaozaliwa kiangazi macho karibu hayapo, bawa lote ni la rangi ya jani kavu. Mwaka wangu wa kwanza niliwatenganisha kwenye maboksi mawili, nikaandika majina mawili, nikajisifu kwamba nimegundua aina mbili. Watafiti walipofungua yale maboksi walicheka mpaka wakakaa chini. Ni watoto wa mama mmoja. Kiwavi akikulia kwenye joto la mvua anatoka na macho makubwa, akikulia kwenye baridi ya kiangazi anatoka bila macho. Wakati wa mvua ndege au mdudu anayemwinda anadonoa jicho la bawani, kipepeo anaondoka na bawa limekatika lakini kichwa kipo. Kiangazi, majani yakiwa yamekauka chini, afadhali asionekane kabisa. Maboksi yangu niliyachoma jikoni siku hiyo hiyo.

Lakini hali ya hewa haimalizi maneno yote. Hata kwenye mvua moja, joto moja, yupo mwenye macho makubwa kidogo na mwenye madogo kidogo, kama watoto wa nyumba moja wanavyotofautiana masikio. Hiyo tofauti ya kuzaliwa ndiyo iliyomleta Kokugonza.

Alikuwa binti wa Muleba, baba yake mfanyabiashara wa kahawa, amekuja kutafuta udaktari wa vitabu. Watu wa Kiruruma walimwita Dokta tangu siku ya kwanza, naye kila mara anajibu, "Shikamoo. Bado, mzee. Bado." Baba yake alimpigia simu kila Jumamosi, na kwa kuwa mtandao ulishika mahali pamoja tu, mlangoni, sote tulisikia.

"Hao wadudu bado hawajaisha?"

"Hawaishi, baba. Ndiyo kazi yenyewe, wasiishe."

"Mwenzako wa darasa la pili amepata ofisi Bukoba. Ina feni."

Koku alikuwa anacheka, lakini akikata simu anasimama mlangoni akiitazama kabla ya kurudi kazini. Nilijua anajua kwamba uvumilivu wa baba una mwisho.

Chumba chetu kilikuwa ghala la zamani la kahawa. Kuta zilikuwa bado zinanukia. Ndani tuliweka joto la kufanana usiku na mchana, na vizimba viwili vikubwa vya neti juu ya meza, kila mguu wa meza umesimama kwenye kopo la maji ili sisimizi wasipande. Kizazi kikitoka, Koku anapima macho ya kila mmoja. Wenye macho makubwa kuliko wenzao wanaozeshwa wao kwa wao, kizimba cha kushoto. Wenye macho madogo kuliko wote wanaozeshwa wao kwa wao, kulia. Wengine wote hawazai. Mimi nilivipa vizimba majina, ukoo wa macho makubwa na ukoo wa macho madogo, na Koku akayapenda, akayaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Kuotesha nyasi za viwavi kwenye makopo ilikuwa kazi yangu. Makopo ya miche yalisimama sakafuni kando ya mlango mpaka yatakapohitajika kizimbani.

Mpaka kizazi cha kumi na tatu, ukoo wa macho madogo ulikuwa na nukta tu, kana kwamba mtu amegusa bawa kwa ncha ya kalamu. Wale wa kushoto macho yao yalikuwa yanakaribia kugusana. Joto moja, chakula kimoja. Kwa hiyo tofauti hiyo haikutoka nje, ilikuwa imo ndani, kwenye vinasaba kama mnavyosema ninyi. Udaktari wa Koku ulikuwa ndani ya vile vizimba viwili, na ulitegemea kitu kimoja tu, kwamba damu ya nje haijaingia.

Ndipo tukapata habari kwamba mwalimu wake anakuja, pamoja na wakubwa wawili wa wilaya. Hapa ndipo nilipokosea.

Mnajua kwetu mgeni wa heshima hakanyagi sakafu tupu. Bibi zenu walitandika nyasi mpya, na nyumba nzima inanukia. Ghala lile lilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, likaniaibisha. Nikaamka mapema kwenda kukata omuteete, ile nyasi yenye harufu ya limau. Omuteete ulikuwa umekatwa na watu wengine kwa ajili ya harusi. Nikapata mafungu matatu tu, hayakufika hata nusu ya chumba. Nikapanda mpaka ukingoni mwa msitu, nikakata nyasi laini za kivulini, nikatandika hizo chini na omuteete juu. Kwa macho usingejua.

Koku aliingia, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavuta pumzi.

"Umetufanyia vizuri, Baba Mugisha. Ni omuteete mtupu?"

Swali lile hakuliuliza kwa adabu tu. Alikuwa anauliza kazi. Viwavi wetu hawali omuteete wala hawakai juu yake, kwa hiyo ukiwa mtupu hauna hatari. Nilijua vizuri maana ya swali lake. Lakini wageni walikuwa wanashuka garini, na mimi nilikuwa naona fahari.

"Mtupu," nikasema.

Wageni walisifu sana. Ilikuwa Alhamisi. Nyasi niliziacha mpaka Jumamosi kwa sababu chumba kilinukia vizuri, kisha nikazifagia. Nilipohamisha makopo ya miche niliona majani mawili matatu yameng'atwa pembeni, na chini yake vinyesi vidogo vya kijani. Nikavipangusa kwa kidole, nikaingiza miche kizimbani kulia, zamu ilikuwa yao. Sikujiuliza. Nyasi iliyokatwa ikinyauka, kiwavi aliyekuwa ndani yake anahama kutafuta mbichi, na mbichi iliyokuwa karibu ilikuwa ya kwangu, na haikuwa na kopo la maji chini.

Baada ya wiki tatu hivi Koku akaniita. Kwenye ukoo wa macho madogo walikuwa wametoka vipepeo wanne wenye macho makubwa, makubwa kabisa.

"Yamerudi," akasema. "Vizazi kumi na vitatu, na yamerudi yenyewe. Unaelewa maana yake?"

Akanieleza, na alikuwa mzuri kumtazama anapoeleza. Kwamba sifa inaweza kulala ndani ya ukoo muda wote huo, halafu ikaamka. Kwamba hakuna aliyewahi kuliona kwa vipepeo hawa. Mwalimu wake naye akachangamka kwenye simu, akamwambia wazalishe wale wanne. Jumamosi ile baba yake alipopiga, Koku alimweleza kwa nusu saa, na mzee hakutaja feni hata mara moja.

Mimi nilielewa pale pale alipotamka neno "yamerudi." Niliviona vile vinyesi. Nikanyamaza siku tisa. Nilijiambia sina hakika. Nilijiambia nitafukuzwa kazi, na watoto bado wako shule. Lakini ukweli ni kwamba sikuweza kuuangalia uso wake ukizimika na mimi ndiye niliyeuzima. Wakati huo wale wanne walikuwa wameshataga, na kila siku niliyonyamaza ukoo ulizidi kuchanganyika.

Siku ya kumi nilimwambia, nimesimama, kofia mkononi. Nilimwambia yote, pamoja na lile neno "mtupu."

Kabla sijawaambia alichofanya, niwaambie yaliyotokea baadaye, msije mkabaki na wasiwasi naye. Vizimba vyote viwili viliteketezwa, maana miche ya sakafuni ilikuwa inaingia kote kote. Alianza upya na vipepeo wa mwituni, na ilimgharimu karibu miaka miwili mingine, na mwaka mmoja kati ya hiyo baba yake hakupiga simu kabisa. Sikufukuzwa. Sakafuni hapakuwekwa kitu tena, na miche nayo ikapandishwa mezani. Leo ni Dokta kweli, anafundisha mbali, na sikukuu hazipiti bila kunisalimu. Kitabu chake ninacho. Kuna ukurasa unaosema kwamba ukoo wa kwanza uliharibika kwa sababu nyasi za nje ziliingizwa chumbani kwa idhini ya mtafiti mwenyewe. Nilimpigia kumwambia hilo si kweli. Akasema, "Nilivua viatu, nikazisifu. Hiyo ndiyo idhini." Jina langu liko mwanzoni, kwenye shukrani, peke yake kwenye mstari.

Ghala sasa limefungwa. Ninyi mnang'oa mguu mmoja tu wa kipepeo, mnaupeleka mbali kwenye kichupa, mnaletewa ukoo wake wote kwenye kompyuta. Mgeni akiingia kizimbani mtamgundua siku hiyo hiyo. Nawaonea wivu. Lakini kuna kitu ambacho kichupa hakitawafanyia, na ndicho nilichotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Nilipomaliza kuungama, Koku hakunigombeza. Alifunga daftari, vipepeo wakigonga neti.

"Ulizikata wapi?"

"Juu kule. Ukingoni."

"Twende."

Tukapanda. Tulipofika akanigeukia, macho mekundu. "Unaweza kuwa umekosea, Baba Mugisha. Vinyesi vinaweza kuwa vya panzi. Pengine hapa hawapo kabisa. Siwezi kutupa miaka miwili kwa kuhisi."

Nikajua ananiomba. Tukapiga magoti, kila mmoja na upande wake, tukaanza kufungua mashina ya nyasi moja moja, kwa sababu mchana viwavi hawa hujificha chini kabisa. Jua likapanda. Hakuna kitu. Buibui, konokono, panzi wengi sana. Kufika saa sita nilimsikia akianza kupumua vizuri.

"Unaona?" akasema. "Hawapo."

Hata mimi nikaanza kuamini. Nikafikiri labda macho yalirudi kweli, na mimi ni mzee anayejitisha bure. Nikaona atakavyonicheka jioni, na Jumamosi atakavyoongea na baba yake. Nikafungua shina moja lililokuwa mbele ya goti langu.

Alikuwa ametulia juu ya jani la chini kabisa, wa kijani, vipembe viwili kichwani, mkia umegawanyika. Nilikuwa nimelisha maelfu yao, nisingemfananisha na mwingine. Koku alikuwa hatua kumi hivi kutoka kwangu, amenipa mgongo, anaimba kidogo kwa sauti ya chini. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ameona. Nikamchukua, nikafumba mkono. Nikamsikia anatembea kiganjani, taratibu, anatafuta pa kutokea.

"Vipi huko," akauliza bila kugeuka, "kuna yeyote?"

Nilimpenda yule binti kama wa kwangu. Nikakaa pale nimepiga magoti, mkono umefumbwa, mpaka wimbo wake ukakatika na akageuka kunitazama.

"Yupo, mwanangu," nikasema, nikaufungua.